Mapenzi na kufananishwa katika vichekesho vifupi vya filamu bubu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mume anamtongoza mkewe bila kujua ni mkewe. Mzururaji anakumbatiwa na bibi tajiri aliyedhani ni bwana wake. Kijana asiye na kosa anakuta sura yake imebandikwa mji mzima kama muuaji, na jioni anaalikwa chakula nyumbani kwa mkuu wa polisi. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila filamu hizi zinapoonyeshwa kwa watu wasiozizoea. Yamepewa namba ili jambo lililokwisha kuelezwa lisirudiwe. Swali la 5 linafichua hadithi ya Mighty Like a Moose, kwa hiyo anayetaka kuitazama filamu kwanza aliruke.

### Mambo ya mwanzo

1. Filamu bubu ni zipi, na "fupi" ni fupi kiasi gani?

Ni filamu zilizotengenezwa bila sauti kwenye mkanda wenyewe, kuanzia miaka ya 1890 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Filamu ya The Jazz Singer, iliyotoka Oktoba 1927, ndiyo hutajwa kuwa iliwafungulia wenye studio mlango wa sauti, na miaka michache baadaye Hollywood yote ilikuwa imehama.

Urefu ulipimwa kwa rili, yaani gombo la mkanda wa milimita 35 lenye futi 1,000 hivi. Futi moja ina fremu 16, yaani picha moja moja, kwa hiyo rili nzima ina fremu 16,000. Ukizionyesha fremu 16 kwa sekunde, rili inachukua dakika 16 na ushei. Ukizionyesha 24, inaisha kwa dakika 11. Vichekesho vinavyozungumziwa hapa ni vya rili mbili, kwa hiyo vingi vinachukua dakika 20 hadi 30. Ukumbini vilikuwa sehemu ya onyesho refu, pamoja na habari za wiki na filamu kubwa ya siku hiyo.

2. Kwa nini vingi vyao vinahusu mtu kudhaniwa mtu mwingine?

Kwanza, ni hadithi inayojieleza bila maneno. Mtu akivaa koti la mwenzake, ukumbi mzima umeshaelewa kitakachofuata, hata asiyejua kusoma. Wivu, tamaa, aibu na hofu ya kugundulika vyote hukaa usoni na miguuni, na hapo ndipo waigizaji hawa walipokuwa mabingwa.

Pili, muda ni mdogo. Dakika 20 hazitoshi kulikuza penzi taratibu. Kosa moja la kumfananisha mtu linakupa kila kitu kwa mkupuo: mpenzi, mshindani, sababu ya kukimbizwa, na mlango wa kutokea hadithi inapofika mwisho.

Lakini sababu kubwa ni kwamba mtazamaji anajua kabla ya wahusika. Zitazame vizuri hizi filamu na utaona mwongozaji anavyohakikisha kwanza kwamba sisi tunajua nani ni nani, ndipo anawaachia wenzetu wa kwenye turubai wapotee. Mtu anayecheka hapa anacheka kwa sababu ana siri mkononi. Zipo chache zinazotugeuzia kibao. Tazama swali la 21.

3. Kufananishwa na kujifanya mtu mwingine si jambo lilelile?

Hapana, na tofauti yake inabadili filamu nzima. Anayejifanya ana nia. Charlie Chaplin alicheza sana watu wa aina hiyo: katika Caught in a Cabaret (1914) ni mhudumu wa baa anayejitambulisha kwa mabwana na mabibi kama waziri mkuu wa Greenland, katika The Count (1916) ni msaidizi wa fundi cherehani anayeingia nyumbani kwa tajiri akidai kuwa ni mwungwana wa Ulaya. Tunasubiri waumbuke, basi.

Anayefananishwa hakuomba. Kosa limemkuta barabarani, na mara nyingi lina utamu wake: kitanda safi, karamu, mwanamke mzuri anayemtazama kwa upendo. Hapo kinachotufanya tukae ukingoni mwa kiti si kuumbuka, ni kuona atakubali hadi wapi. Filamu nzuri zaidi huanza na kufananishwa, kisha mhusika anakolea na kuanza kujifanya kwa makusudi.

4. Sijawahi kutazama hata moja. Nianze na ipi?

Mighty Like a Moose. Usianze na Chaplin kwa kuwa tu jina lake unalijua.

### Mighty Like a Moose (1926)

5. Hadithi yake ni nini hasa?

Bwana Moose (Charley Chase) ana meno ya mbele yaliyochomoza mpaka mdomo haufungi. Bi Moose ana pua kubwa. Kila mmoja anaona haya kwa sura yake, na kila mmoja ameamua kimyakimya kwenda kuitengeneza ili amshangaze mwenzake. Mume anakwenda kwa daktari wa meno, mke kwa daktari wa sura. Wanatoka wamependeza, wanagongana, wanatazamana, na hawajuani.

Kinachofuata ni kutongozana. Mume anajiona kijana tena, na bibi naye hakumbuki lini mara ya mwisho alitazamwa hivyo. Wanaahidiana kukutana kwenye karamu usiku. Sasa kila mmoja lazima arudi nyumbani kujipamba bila mwenziwe kumwona, na nyumba ni ileile. Sehemu hiyo, ambapo watu wawili wanapishana ndani ya vyumba vyao wenyewe kama wezi, inaendeshwa kwa mpangilio wa milango usio na kasoro. Ukumbi wote unajua kwamba wakikutana tu siri imekwisha, na wao wanapishana kwa unywele.

Karamu inavamiwa na polisi, wanatimua mbio. Baadaye mume ndiye anayegundua kwanza kwamba yule mrembo ni mkewe. Badala ya kukiri, anajipa kazi ya hakimu. Anarudisha meno ya zamani kwa meno ya bandia, anarudi kama mume aliyesalitiwa, kisha anaandaa fumanizi: anapigana na mchepuko wa mkewe, ambaye ni yeye mwenyewe. Jinsi mke anavyokuja kuujua mchezo na kinachompata bwana huyo sitakisema. Kitazame.

6. Inawezekanaje mke na mume wasitambuane kwa sababu ya meno na pua tu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira.

Kwenye vichekesho vya wakati ule mtu alikuwa alama. Chaplin ni masharubu, kofia duara na fimbo. Buster Keaton ni kofia bapa na uso usiocheka. Harold Lloyd ni miwani ya duara isiyo na vioo, na nje ya kazi aliivua akapita mitaani bila watu kumtambua, ingawa alikuwa miongoni mwa watu maarufu zaidi wa Marekani. Mtazamaji wa 1926 alikwisha kubali kwamba ukiiondoa alama umemwondoa mtu. Filamu hii inachukua mkataba huo na kuufikisha mwisho wake wa kichaa.

Halafu kuna jambo ambalo halijaandikwa popote kwenye filamu lakini lipo. Watu hawa walikwisha kuacha kutazamana siku nyingi. Kila mmoja alijua kasoro ya mwenzake na hakuona tena kingine chochote. Kwa hiyo kasoro ilipoondoka, alibaki mgeni. Mimi nadhani ndiyo maana filamu bado inauma kidogo katikati ya kicheko, wakati vichekesho vingi vya umri wake vimebaki kuwa watu kuanguka tu.

7. Charley Chase ni nani? Mbona hatajwi pamoja na Chaplin na Keaton?

Jina lake la kuzaliwa ni Charles Parrott, alizaliwa Baltimore mwaka 1893 na akafariki 1940 akiwa na miaka 46. Alipita kwenye studio ya Keystone mwaka 1914, palepale alipoanzia Chaplin, na kwa miaka mingi aliongoza filamu za wengine kwa jina lake halisi. Kwenye studio ya Hal Roach ndipo alipopata mahali pake: bwana mrefu mwenye masharubu membamba, nguo safi, kazi ya kawaida, mke nyumbani, na uwongo mdogo unaokua hadi unamzidi kimo.

Hatajwi kwa sababu alibaki kwenye filamu fupi. Chaplin, Keaton na Lloyd waliingia filamu ndefu, nazo ndizo zilizoendelea kuonyeshwa na kuandikwa. Filamu fupi zilikuwa bidhaa ya wiki: zinaonyeshwa, zinaondolewa, zinasahauliwa. Hata hivyo Mighty Like a Moose iliingizwa mwaka 2007 kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Mwongozaji wake, Leo McCarey, huenda umemwona bila kumjua. Ndiye aliyeongoza Duck Soup (1933), yenye kile kisa cha kioo ambapo watu wawili waliovaa sawasawa wanaigana mbele ya fremu tupu, na akapata tuzo ya Oscar kwa The Awful Truth (1937), hadithi nyingine ya mume na mke wanaoshukiana. Ukizitazama kwa mfuatano, unaona mtu aliyejifunzia kazi kwenye rili mbili za Charley Chase.

8. Kama kila mmoja alitoka na mwenzi wake wa ndoa, kosa liko wapi?

Kwenye nia. Hakuna aliyezini, na wote wawili walikusudia. Nimewahi kuona swali hili likigawa ukumbi katikati, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, wakati filamu ilikwisha kuzimwa.

Ninachokiona mimi ni kwamba filamu haimsamehe mtu, ila inampa mume nafasi asiyostahili. Kwa sababu aligundua kwanza, anageuka mlalamikaji, na mke anatetemeka kwa kosa ambalo mume analo vilevile. Nyani haoni kundule. Kicheko kinatoka hapo, kwenye huo ujasiri wa mkosaji kumfumania mkosaji mwenzake, na kila pigo analojipiga kwenye lile pambano la bandia linatufurahisha kwa kuwa tunaona anajichapa anayestahili.

9. Lile pambano lilipigwaje picha? Ni ujanja wa kamera?

Ni wepesi wa mwili. Chase anapita mlangoni kama mume, anajibadili pale tusipomwona, anarudi kama mchepuko. Hawaonekani wote wawili kwa pamoja. Ujanja wa kamera upo kwenye filamu nyingine. Tazama swali la 14.

### Filamu nyingine za kundi hili

10. The Idle Class (1921): nani anadhaniwa nani?

Chaplin anacheza watu wawili: mzururaji wake wa kila siku, na mume tajiri, mlevi na msahaulifu. Msahaulifu kiasi cha kupita kwenye ukumbi wa hoteli bila suruali. Edna Purviance ni mke anayepuuzwa. Anafika kwa treni na mume hayupo kumpokea. Kwenye treni hiyohiyo mzururaji anashuka kutoka chini ya behewa, alikosafiri bure, akiwa na vifaa vyake vya gofu.

Kuna karamu ya kuvaa mavazi ya kujibadili. Mume anavaa deraya ya chuma, na kifuniko cha uso kinagoma kufunguka. Mzururaji, akimkimbia polisi, anajikuta ndani ya karamu na wageni wanaona matambara yake ni vazi zuri la kuigiza. Mke anamwona, anadhani bwana wake kavaa hivyo, anampa msamaha na upendo wote aliokuwa amemwekea yule mlevi.

Mzururaji mapema alimwona bibi huyo akipita juu ya farasi, na akaota kwamba amemwokoa, wameoana na wana mtoto. Kwa hiyo kufananishwa huku kunampa ndoto yake kwa nusu saa, kisha kunaichukua. Na anayekuja kumfungua mume kutoka kwenye ile kofia ya chuma ni yeye mwenyewe mzururaji. Nyundo inashindwa, anamaliza kazi kwa kifungua makopo.

11. Na ile ya Keaton yenye mabango ya "anatafutwa"?

Hiyo ni The Goat (1921), Keaton akiongoza pamoja na Malcolm St. Clair. Jambazi aitwaye Dead Shot Dan anapigwa picha kituoni. Keaton anachungulia kwa nje kupitia dirisha la nondo. Jambazi anainama, anabonyeza kamera mwenyewe, na picha inayotoka ni ya Keaton nyuma ya nondo. Jambazi anatoroka, mabango yanasambazwa. Angalia jinsi filamu ilivyofuata kanuni ya swali la 2: kosa lote limetendeka mbele ya macho yetu, kwa mwendo wa pole, ili baadaye tusiulize kitu.

Mapenzi yanaingia kwa mlango wa nyuma. Keaton anamsaidia msichana barabarani (Virginia Fox), na baadaye msichana anamkaribisha chakula cha jioni. Baba mwenye nyumba anaingia: ni mkuu wa polisi (Joe Roberts) aliyemkimbiza tangu mchana. Keaton anapanda mezani, anamkanyaga mzee begani na kupenya kwenye kidirisha cha juu ya mlango kwa mruko mmoja. Siijui njia nyingine ya haraka namna hiyo ya kuagana na mkwe.

Mwanzoni mwa filamu kuna kufananisha kwingine kudogo ambako watu hukupita: Keaton mwenye njaa anapanga foleni ya mkate nyuma ya sanamu za duka la nguo, akidhani ni watu.

12. Ipo filamu ambamo ndoa yenyewe imefungwa kimakosa?

My Wife's Relations (1922), ya Keaton. Hakimu anayeelewa Kipolandi tu anasubiri maharusi. Anaingia mwanamke wa miraba minne akimburuta Keaton kumshtaki kwa kioo kilichovunjwa. Hakimu anadhani ndio wenyewe, anawafungisha ndoa. Keaton anapelekwa kwa mashemeji ambao wote ni majitu, wanamnyanyasa hadi wanapokuta barua mfukoni mwake inayosema atarithi dola 100,000. Barua si yake. Heshima inabadilika papo hapo, na huo nao ni utambulisho mwingine wa bandia. Filamu inaisha kwa treni ya kwenda Reno, mji uliojulikana Marekani kwa talaka za haraka.

Mapenzi humu ni kidogo. Kwa visa vya kwenye meza ya mashemeji, hata hivyo, filamu hii ni ya lazima kutazamwa.

13. Na pacha?

The Playhouse (1921), Keaton tena. Anampenda mmoja wa pacha wawili wanaofanya kazi kwenye jumba la maonyesho na hajui kamwe amesimama na yupi. Anayempenda anamkubali, mwenzake anamfukuza, na yeye anabaki na kizunguzungu. Mwishoni anamchukua msichana kwenda kufunga ndoa, anagundua siye, anarudi kumtafuta wake, na safari hii anamchora alama ya X shingoni. Tahadhari kuhusu filamu hii iko kwenye swali la 20.

### Ufundi

14. Mtu mmoja anaonekanaje mara mbili kwenye picha moja, bila kompyuta?

Lenzi inazibwa nusu. Mwigizaji anacheza upande ulio wazi, mkanda unarudishwa nyuma hadi mwanzo, inazibwa nusu ya pili, anacheza upande mwingine. Mkanda uleule umepigwa mwanga mara mbili, kila mara kwenye nusu yake. Kamera iliendeshwa kwa mkono, kwa hiyo mpigapicha alipaswa kuhesabu mizunguko na kuzungusha kwa kasi ileile mara zote. Akikosea, pande mbili hazilingani. Mwigizaji naye akivuka mstari usioonekana wa katikati, mkono wake unakatika hewani.

Kwa The Playhouse, mpigapicha Elgin Lessley alifanya hivyo hadi Keaton tisa wakaonekana safu moja. Maana yake mkanda uleule umepita kwenye kamera mara tisa. Kosa kwenye pito la tisa linaharibu kazi ya mapito manane yaliyotangulia.

Kwenye The Idle Class Chaplin alichagua njia rahisi na ya akili: mume amefunikwa chuma usoni. Wawili hao wanaweza kusimama pamoja bila kuzibaziba lenzi, kwa kuwa ndani ya deraya anaweza kuwa mtu yeyote.

15. Mbona wanatembea haraka haraka?

Mara nyingi umeona nakala mbaya. Filamu iliyopigwa kwa fremu 16 au 20 kwa sekunde ikionyeshwa kwa 24, kiwango kilichokuja na sauti, kila mtu anakimbia. Lakini vichekesho vilipunguza mizunguko ya kamera kwa makusudi kwenye sehemu za kukimbizana, kwa hiyo haraka kidogo ni sehemu ya chakula. Kipimo changu ni mapazia na moshi: vikienda kama vichaa, nakala ni mbovu.

16. Watazamaji walikaa kimya kweli?

Hata kidogo. Palikuwa na piano kwenye kumbi ndogo, kinanda kikubwa au okestra kwenye kumbi kubwa. Muziki wa The Idle Class unaosikika leo kwenye nakala rasmi aliutunga Chaplin mwenyewe miaka ya 1970 mwanzoni, nusu karne hivi baada ya filamu.

Japani walikuwa na benshi, msimulizi anayesimama kando ya turubai na kuwasemea wahusika wote. Aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hahitaji kuelezwa zaidi. Lufufu na DJ Afro walifanya kazi ya ukoo huohuo kwenye filamu zenye sauti.

17. Maandishi ya kwenye skrini ni ya Kiingereza. Naweza kuzitafsiri kwa mdomo ukumbini?

Unaweza, na inanoga. Yako machache, hivyo kazi si kubwa. Ushauri mmoja tu kwa msimulizi: siri ikishatolewa kwa watazamaji, usiitolee tena. Ile sehemu ya Bwana na Bi Moose wakipishana nyumbani, nyamaza kabisa. Ukumbi utasimulia wenyewe.

### Maswali ya pembeni

18. Hollywood ndiyo iliyobuni hadithi hizi?

Ni za kale mno. Plautus wa Roma aliandika Menaechmi, tamthilia ya pacha wanaochanganywa na mke, mpenzi na watumishi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Shakespeare aliichukua akaongeza pacha wengine wawili. Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano wa jirani rafuni: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Porshia anavaa kiume kama mwanasheria, mumewe anamshukuru bila kumtambua, na kumpa pete aliyoapa hatamwachia mtu. Mke anayemtega mume kwa sura ya kigeni, kisha kumsubiri nyumbani na swali. Bi Moose angempenda sana.

19. Naweza kuzionyesha hadharani bila kulipa? Na kwa nini nakala hutofautiana urefu?

Filamu zote za 1921, 1922 na 1926 zilizotajwa kwenye ukurasa huu zimekwisha toka kwenye hakimiliki nchini Marekani. Hilo linahusu picha. Muziki uliotungwa baadaye, kama ule wa Chaplin, na kazi mpya ya ukarabati, vina wenyewe. Suluhisho la wengi ni nakala ya zamani na mpiga kinanda wa hapo hapo. Kibali cha kuonyesha ni suala la nchi yako: Tanzania uliza Bodi ya Filamu, Kenya uliza KFCB, bodi ya kuainisha filamu.

Urefu hutofautiana kwa sababu ya kasi (swali la 15), kwa sababu ya vipande vilivyopotea, na kwa sababu studio nyingi zilitengeneza negativu mbili (mikanda mama ya kutolea nakala), moja ya Marekani na nyingine ya nje. Wakati mwingine hata visa havifanani: toleo tofauti la The Blacksmith ya Keaton (1922) lilitambuliwa Argentina mwaka 2013. Nyingine zilikuwa karibu tu. Miaka ya 1950 mwigizaji James Mason, aliyenunua nyumba ya zamani ya Keaton, alikuta humo shehena ya filamu zake.

Zilizopotea ni nyingi kupindukia. Mkanda wa nitrati huoza na huwaka. Ghala la studio ya Fox liliteketea New Jersey mwaka 1937. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya 2013 ilikuta kwamba kwa filamu ndefu bubu za nchi hiyo, zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu.

20. Zinafaa kwa watoto?

The Goat na The Idle Class watoto wanazipenda kuliko wakubwa. Mighty Like a Moose wanaifuata bila shida, ila watauliza maswali kuhusu Bwana na Bi Moose ambayo mzazi awe tayari nayo. The Playhouse ina sehemu ya waigizaji waliojipaka rangi nyeusi usoni, dhihaka iliyozoeleka kwenye maonyesho ya Marekani ya wakati huo. Mimi siionyeshi kwa watoto bila kuizungumzia kwanza, na kwa watu wazima nawatajia kabla taa hazijazimwa.

21. Kuna filamu ambamo anayefananisha ni mtazamaji?

Zipo, na ni nzuri hasa kwa sababu zinavunja kanuni ya swali la 2. Cops (1922) inafungua na Keaton akishika nondo, uso wa huzuni, msichana upande wa pili. Tunamwona mfungwa. Kamera ikibadili mahali, kumbe ni geti la nyumba ya akina msichana, naye anamwambia hataolewa naye mpaka Keaton awe mfanyabiashara mkubwa. Hajafungwa bado. Hiyo itakuja.

Na ndani ya The Idle Class, mume anapata barua ya mkewe: hataishi naye mpaka aache pombe. Anageuka, anatupa mgongo, mabega yanaanza kutikisika. Yanatikisika zaidi. Ukumbi unaanza kumwonea huruma mtu ambaye hadi dakika hiyo haukumpenda. Anageuka tena: ana chombo cha kuchanganyia vinywaji mkononi, anajitikisia kingine.